Skani ya ini hapa Kisumu: nimewapa nyota 4, ya 5 waliipoteza na mia mbili

Naandika hii nikiwa kibandani hapa Kibuye, mvua imefukuza wateja na nimeahirisha hii stori wiki nyingi. Majina ya vituo siweki. Kile cha kwanza sikitaji maana sitaki kesi na watu, na kile cha pili nikikitaja mtaanza kusema nimelipwa, kwa hivyo mwenye shida ya ukweli aniulize tu nitamwelekeza mpaka mlangoni. Vyote viwili viko hapa hapa mjini.

Mgonjwa ni baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yangu, mtu wa kisiwa cha Rusinga. Amevua omena tangu ujana wake, ile ya usiku na taa, halafu asubuhi wanaosha nyavu pale ufuoni maji yakiwa kwa magoti. Pia ni mzee wa kanisa, Msabato wa kale kabisa, huyu mtu hata chai ya majani hanywi sembuse pombe ya busaa. Hiyo ya chai mkae nayo, nitairudia.

Sasa mwezi wa tatu akatapika damu, na si ile ya kutema, ni ya beseni. Wakamkimbiza hospitali, akalazwa, akaongezwa damu, ikatulia, wakamwambia akitoka akapigwe altrasaundi ya ini kwa sababu kuna kitu kigumu kinashikika chini ya mbavu upande wa kushoto. Mimi nikashangaa, ini si liko kulia? Anyway nikasema hao ndio wamesoma. Akavuka na feri kutoka Mbita mpaka Luanda Kotieno, akapanda matatu hadi stendi, nikamchukua na tuktuk.

Kituo cha kwanza ukiingia unapenda. Vioo, tivii kubwa, feni ya baridi, mashine mpya hata plastiki ya skrini haijatolewa kwa kona. Lakini hakuna mtu alituuliza kama mgonjwa amekula, na alikuwa amekula, mimi mwenyewe nilimpikia uji na viazi tamu nikidhani namsaidia. Kijana akamlaza, akapaka jeli, akapitisha kile kidude tumboni mara tatu nne hivi, simu yake ikalia akaishika, dakika tano tuko nje. Ripoti ukurasa mmoja: ini limekwaruzika, inaelekea ni sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, bandama imekuwa kubwa, nyongo haikuonekana vizuri, hewa nyingi tumboni. Na mwisho kabisa kamstari kamoja, ihusishwe na historia ya pombe.

Wacha niwaambie vile huo mstari ulifanya. Kijana mmoja wa boma, msomi, akausoma kwa sauti na kuutafsiri mbele ya watu. Ilipofika jioni upande wote ule walikuwa wanajua mzee wa kanisa ni mlevi wa siri. Wengine wakasema hapana hiyo si pombe ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, kwani hata kaka yake alikufa na tumbo hivyo hivyo, na huyo kaka wanayemsema ni baba yangu. Kanisani wakamwambia apumzike kidogo na kazi za uzee. Mama mdogo, mungu amsamehe, akaanza kunusa mashati. Usiku akanipigia simu, "Nyathina (mwanangu), hawa watu wameona pombe wapi ndani yangu?" Nikakosa cha kumjibu, maana mimi pia, nisidanganye, nilikuwa nimeanza kujiuliza.

Aliyetuokoa ni daktari mmoja wa kliniki, kijana mdogo tu. Akasoma ripoti, akasoma majibu ya damu, akakuna kichwa. Anasema haya majibu ya ini ni mazuri, macho si manjano, protini iko sawa, ini linafanya kazi kama la kijana, lakini bandama imefura na mtu anatapika damu, na sirosisi iliyofika hapo kwa kawaida ingekuwa imeshaharibu hizo namba. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza tangu Machi. Mzee, umeishi wapi? Akaandika karatasi nyingine ya skani na chini akaongeza kwa mkono: mvuvi, Ziwa Victoria, angalieni mishipa ya porta vizuri, yaani ile inayopeleka damu ya matumbo kwa ini.

Ndio tukafika kituo cha pili, hicho ndicho nakipa nyota.

Kwa macho huwezi kukipenda. Ni ghorofani, lifti hakuna, rangi ya ukuta imeanza kutoka, na mashine yao ni ya zamani kuliko ile ya kwanza. Lakini nilipopiga simu kuuliza bei, dada wa risepsheni kabla hata ataje pesa akaniambia mgonjwa asile chochote kuanzia saa mbili usiku, maji kidogo tu ya kumezea dawa. Nikamuuliza kwa nini, akanieleza bila kukasirika: ukila, mfuko wa nyongo unajikamua unabaki kadogo hauonekani, na matumbo yanajaa hewa, na mawimbi ya altrasaundi hayapiti kwa hewa. Hata ile jeli kazi yake ni hiyo, kufukuza hewa kati ya kidude na ngozi. Nikakumbuka uji wangu na viazi tamu nikanyamaza. Bei ni 2,500, kesh au M-Pesa.

Ubaya sasa. Tuliambiwa saa mbili asubuhi, tukaingia saa nne na nusu. Mzee wa watu na njaa, benchi ni la mbao, na pazia la chumba cha kubadilisha nguo linafika tu kwa magoti, kila mtu anaona soksi zako. Mkiweza lengeni siku ya katikati ya wiki, Jumatatu ni kama soko.

Ndani tukampata mama wa makamo, sonografa, yaani mpigaji wa altrasaundi, akamkaribisha mzee akavuta kiti akakaa. Hakugusa jeli kwanza. Aliuliza maswali mpaka nikadhani tumeingia kwa polisi. Umezaliwa wapi, ulioga ziwani mpaka miaka mingapi, uliwahi kuhara damu, uliwahi kupewa dawa ya kichocho, umepimwa hepataitisi B, kile kirusi cha ini, kwenu kuna aliyefariki na tumbo kujaa. Hapo nikajibu mimi. Pombe akauliza ya mwisho kabisa, mzee akasema sijawahi, hata chai ya majani sinywi, na yule mama akaandika vile alivyoambiwa bila kucheka. Niliona baba mdogo amelegeza mabega.

Halafu kazi. "Mzee vuta pumzi, shika hapo hapo, usiachie... haya achia." Ukivuta pumzi ini linashuka kutoka chini ya mbavu ndio lionekane lote, hiyo sikuwa najua. Akamgeuza ubavu, akamrudisha, akaenda upande wa kushoto, akawasha ile dopla ya rangi nyekundu na bluu ya kuonyesha damu inakimbia kuelekea wapi. Dakika 25 nilihesabu. Simu yake sikuiona.

Na kitu nilipenda zaidi, aligeuza skrini tuone. Anasema maji ni meusi, kwa hivyo damu kwa mishipa na nyongo ni nyeusi, halafu makovu, mafuta na mawe huwa meupe, na ini zima ni kijivu laini kama uji usio na madonge. Sasa kwa mzee, katikati ya hiyo kijivu kulikuwa na mistari minene meupe, inatawanyika kama matawi ya mti, na ndani ya kila tawi kuna kauzi keusi kembamba ndio mshipa wenyewe. Akizungusha kidude ayakate yale matawi kwa upana, yanakuwa duara nyeupe zenye nukta nyeusi katikati, kama macho yanakuangalia. Mimi nywele zilisimama. Yeye akasema hapa ndipo penyewe.

Akatueleza kuna daktari aliitwa Symmers, alikuwa Misri, mwaka wa 1904 aliandika kwamba ini la namna hii ukilikata ni kama mtu amechomeka vijiti vya kiko cha udongo mweupe ndani yake. Baba mdogo akacheka mara ya kwanza tangu atoke Rusinga, anasema babu yake alikuwa na kiko, kwani alikiacha huku ndani?

Ni kichocho. Si kile cha kukojoa damu, ni kile cha matumbo ambacho kimejaa kando ya ziwa letu. Minyoo midogo inatoka kwa konokono wa majini, inapita ngozi wewe ukiosha nyavu, inaenda kuishi kwa mishipa ya matumbo miaka na miaka ikitaga. Mayai mengine hayatoki na choo, yanabebwa na damu mpaka kwa ini, yanakwama kwa vijimshipa vidogo, mwili unayazungushia kovu, kovu juu ya kovu, mpaka mabomba yanakuwa membamba. Na damu yote ya matumbo lazima ipite huko. Mnajua mtaro ukiziba pale Nyalenda mvua ikinyesha, maji yanarudi kwa nyumba? Ndivyo. Damu inarudi nyuma, bandama inafura, na mishipa ya koo la chakula inavimba mpaka inapasuka, hapo ndipo beseni la damu lilitoka. Lakini nyama ya ini yenyewe haijafa, ndio maana majibu ya damu yalikuwa mazuri na yule daktari kijana akakuna kichwa.

Namba zake: mshipa wa porta milimita 16, kwa kawaida hauvuki 13. Bandama sentimita 18, na ya mtu mzima huishia 12 au 13 hivi. Kile kitu kigumu cha kushoto kumbe ndicho hicho, nikaelewa miezi miwili baadaye.

Nikamuuliza, kwa nini wale wa kwanza waliona sirosisi? Hakuwasema vibaya, hata niliposubiri awaseme. Anasema mbio mbio zote mbili zinaonekana ini limevurugika na bandama kubwa, na upande wa kulia hunywea wakati wa kushoto unakua, zinafanana kwa hapo. Ila sirosisi hutia madonge ini lote, na ukiangalia ukingo wake unaona mabonde na vilima kama ganda la fenesi. Wa mzee ulikuwa umenyooka. Na sirosisi yenyewe hata ukiipata haijasema ni pombe, kuna ya hepataitisi B, kuna ya C, kuna ya mafuta. Huo mstari wa pombe uliandikwa na mtu ambaye hakuuliza. Mashine ya kwanza ilikuwa mpya, nasema tena, ingeweza kuona yale macho vizuri kuliko hii.

Kansa ndio ilikuwa inaninyima usingizi kwa sababu ya baba. Nikauliza. Akarudi tena kwa skrini akapitia ini kipande kwa kipande mbele yangu, hakuna uvimbe. Akasema angeona uvimbe kwa mtu wa sirosisi au wa hepataitisi B angemtuma siti skani ile ya kudungwa dawa, maana kansa ya ini mara nyingi hujitambulisha na mwendo wa dawa. Ini la kawaida hupata kama robo tatu ya damu yake kutoka kwa porta, lakini kansa inakunywa kwa ateri, kwa hivyo dawa ikiingia uvimbe unawaka wa kwanza, halafu dakika inayofuata ini lote limewaka na uvimbe umefifia. Lakini si kila doa jeupe ni kifo. Kuna mama hapa tunauza naye mitumba alionekana na doa jeupe la duara, akaanza kugawia dada zake mabelo yake ya nguo, kumbe ni hemanjioma, kifundo cha mishipa ya damu tu ambacho watu wengi wanazeeka nacho, akapigwa emarai (MRI) likang'aa kama balbu, wakamwambia arudi kazini. Mabelo mawili hajarudishiwa mpaka leo.

Sasa mimi na kiherehere changu, kwa vile asubuhi hiyo hata mimi sikuwa nimepata nafasi ya kula, nikalipa 2,500 yangu nikalala. Ile jeli ni baridi jamani. Akaweka ini na figo ya kulia kwa picha moja, akaniambia angalia rangi, hizi mbili zinafaa kukaribiana. Figo yangu ilikuwa nyeusi nyeusi vizuri, ini limekuwa jeupe kama limemwagiwa maziwa. Mafuta. Daraja la kwanza, yaani mishipa na kiwambo cha kupumulia bado vinaonekana vizuri, ikizidi vinapotea kwa weupe. Eti kwa siti skani ni kinyume, ini la mafuta linakuwa jeusi kuliko bandama, hapo nikaacha kufuata. Nikamwambia mimi pia sinywi. Akasema si lazima, ni kukaa kibandani kutwa, chipsi, soda, kiuno, akaniambia nikapime sukari. Na hata jina la huu ugonjwa madaktari walilibadilisha 2023, zamani lilikuwa linaitwa ini la mafuta lisilo la pombe, neno pombe ndani ya jina la watu hawanywi, wakalitoa wakaweka mambo ya mwili unavyotumia chakula. Nikawaza ningefika Rusinga na karatasi ya jina la zamani. Tungefukuzwa wote.

Akanisukuma pia nipime hepataitisi B, maana sisi wa zamani hatukupata chanjo utotoni. Nilipima, sina, nikachanjwa.

Ripoti sasa, hapa waliniudhi kidogo. Haikutoka siku hiyo, inatumwa kwa daktari wa radiolojia asome, ikatoka kesho yake saa tisa, na jina la mzee wamekosea herufi wakabidi waichape upya. Lakini ilikuwa imeandikwa ikaeleweka: makovu kandokando ya mishipa ya porta yanayolingana na kichocho, presha ya porta imepanda, bandama kubwa, maji tumboni hakuna, uvimbe hakuna. Ushauri, apimwe kichocho na apelekwe kuangaliwa koo na kamera.

Mzee akasoma na miwani yake mara mbili. Halafu akamwambia yule mama, daktari, niongezee hapo chini kwamba hakuna pombe.

Mama akakataa. Akasema, "Mzee, hii skani haioni pombe. Na haioni kutokunywa pia. Naweza kuandika tu kile nimeona." Mimi niliumia kwa niaba yake, lakini nikifikiria baadaye, kama angekubali kuandika kitu hajaona ningemwamini aje kwa mengine?

Kwa wale watauliza mwisho wake: koo iliangaliwa, mishipa ilikuwa imevimba kweli, wakaifunga na vimpira vidogo wakitumia hiyo hiyo kamera, wakampa propranolol ya kushusha presha ya huko, na prazikwanteli ya kuua minyoo, hiyo unapimwa uzito kwanza ndio wajue vidonge vingapi. Makovu ya miaka yote hiyo hayafutiki kirahisi, ataendelea kurudi kliniki. Binamu zangu wote wa nyavu nimewaambia wameze dawa, watoto wao wanapewaga shuleni lakini wao wenyewe wakubwa wanajiona hawahusiki. Na kuhusu baba, nilimuuliza yule mama kama yake pia inaweza kuwa ilikuwa hii. Akasema bila picha hawezi kusema. Sawa.

Mzee alipokosa ule mstari akaomba kitu kingine, picha ya yale macho, kopi ya ziada, kubwa, aende nayo kanisani Sabato awaonyeshe wazee wenzake kwa sababu ripoti hawataelewa lakini macho wataona. Nikarudi risepsheni nikaomba. Yule yule dada mzuri wa simu akaniambia kuchapa tena ni shilingi 200.

Mia mbili, baada ya 5,000 za watu wawili, karatasi ambayo mashine inaitema kama risiti ya supamaketi! Nikalipa. Sasa hiyo picha iko kwa fremu Rusinga, imening'inia kando ya picha ya harusi yao, mama mdogo mwenyewe ndiye aliitundika. Nyota 4.